Habari za Wanyama wa Bonde la Rukwa

Siku moja darasani hapa Tunduma tuliwaomba watoto watutajie wanyama wa mwituni wa nchi yetu. Walijibu upesi, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenziwe: simba, faru, tembo. Tukawauliza wamewaona wapi. Kijana mmoja akasimama akasema, "Kwenye noti, Mwalimu." Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao, maana ni kweli: simba yumo katika noti ya shilingi 2000, faru katika ile ya 5000, na tembo katika ile ya 10000. Kisha tukauliza, "Na sheshe je? Na nyamera?" Hapo pakawa kimya. Mtoto mmoja alidhani ni majina ya vijiji.

Hatukuweza kuwalaumu. Watoto hawa wamezaliwa mjini, mahali ambapo magari ya mizigo hupanga foleni usiku na mchana yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, na mnyama wanayemwona kila siku ni mbuzi wa jirani. Lakini wengi wao babu zao walitoka Unyiha, Unyamwanga, Ubungu na Uwanda, na wazee wale walimjua sheshe kama wajukuu wao wamjuavyo mbuzi. Basi tumeona vema kuandika habari hizi, kwa kadiri tulivyozisoma vitabuni na kuzisikia kwa wazee, kabla majina yenyewe hayajafutika vinywani mwa watu.

Msomaji asiyeijua nchi yetu na aelewe kwanza jinsi ilivyo. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, nao una nchi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni nchi ya juu, ndiyo Mbozi, Ileje na Tunduma, yenye baridi, kahawa na mahindi. Ya pili ni nchi ya joto iliyo chini ya kingo za Bonde la Ufa, na huko limelala Ziwa Rukwa, wapata mita 800 juu ya bahari. Mito mikubwa ishukayo ziwani kutoka upande wetu ni Momba na Songwe. (Songwe huu usichanganywe na Songwe mwingine uendao Ziwa Nyasa na kutupakanisha na Malawi, kosa hilo tumeliona hata katika madaftari ya walimu.)

Rukwa ni ziwa la namna ya peke yake. Mito huingia, lakini hakuna mto utokao. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua tu, na kwa hiyo yana magadi. Kina chake si kikubwa, na kandokando nchi ni tambarare kabisa; hivyo maji yakipanda kwa kimo cha mtu mmoja, ufuko husogea kilometa nyingi, na yakishuka, uwanda mpana huachwa wazi. Mwaka 1929 urefu wa ziwa ulikuwa kilometa 50 tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, ulikuwa kilometa 128. Mnamo mwaka 1949 lilikaribia kukauka. Siku hizi hutajwa kuwa na urefu wa kilometa 180 hivi. Tena wataalamu wa miamba wameona alama za ufuko wa kale juu sana mlimani, wapata mita 180 kupita maji ya sasa. Ndizo alama za zamani za maelfu ya miaka, ambapo ziwa lilijaa hata likamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika kwa upande wa Karema. Kwa hiyo anayesema "ufuko wa Rukwa uko hapa" hana budi kutaja na mwaka anaousema.

Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana habari zote zifuatazo zategemea hilo. Uwanda ule ulioachwa na maji ndio uliokuwa malisho ya wanyama, na ziwa ndilo lililotoa na kutwaa.

Watu wamekaa bondeni tangu kale. Pale Ivuna pana chumvi, na wachimbuaji wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walieleza mwaka 1968 kwamba watu walikuwa wakipika chumvi mahali hapo tangu karne ya 13 hivi. (Ivuna ndiyo pia iliyoangukiwa na kimondo mwezi Desemba 1938; yaonekana mkoa wetu wapendwa na mawe ya mbinguni, kwani kile kikubwa cha Mbozi nacho ki karibu.) Juu mlimani Wanyiha walijulikana kwa mambo mawili, kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, na kuwinda tembo. Kazi zote mbili zilikula pori: tanuru lilitaka makaa ya miti, na mwindaji alitaka pembe. Wale wanaotuambia kwamba wazee wetu hawakugusa kitu chochote cha mwituni hawasemi kweli. Lakini watu walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa, na uwindaji ulikuwa na wenyewe, na miiko yake, na fungu la mtemi, wala haikuwa ruhusa kwa kila mtu mwenye mkuki kuingia porini apendapo.

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Pembe zikawa fedha. Misafara ya waarabu na waswahili ilifika pande zote za kati ya Nyasa na Tanganyika, na kule Karonga kampuni ya Waingereza nayo ilikuja kununua pembe hizo hizo. Joseph Thomson, msafiri Mskochi, aliliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 akaliita kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo halikushika, nasi hatusikitiki. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana Ulaya juu ya mpaka, wakapiga mstari kati ya maziwa mawili hivi kwamba barabara iliyoitwa ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Tunduma ni mtoto wa mstari huo. Nyati na tembo waliendelea kuuvuka pasipo hati.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Afrika kwa upande wa Eritrea karibu na mwaka 1887, ukashuka kusini kama moto wa kiangazi, na kufika mwaka 1892 ulikuwa umekwisha kupita katika nchi zetu za kati ya maziwa. Uliua ng'ombe, ukaua nyati, ukaua pofu, na wengine wa jamaa yao. Mahali palipokuwa na mifugo pakawa kimya. Watu wakafa njaa au wakahama. Vichaka vikaota juu ya malisho ya zamani, na mbung'o wakaingia katika vichaka. Ndipo serikali za kigeni zilipozitazama nchi nyingi za namna hiyo zikasema, "Hili ni pori tupu," zikaandika sheria zake. Gavana von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi mwaka 1896, iliyodai hati kwa mtu atakaye kuwinda, na Waingereza wakafuata na amri yao ya mwaka 1921. Hatuzibezi sheria hizo, kwani wafanyabiashara wa pembe wasingeacha hata mkia. Ila ziliacha jeraha moja ambalo halijapona bado: mwindaji wa Kinyiha aliyekuwa mtu wa heshima mbele ya mtemi wake aliamka siku moja akaambiwa kuwa ni mwizi. Na mtu akiisha kuitwa mwizi, miiko yake yote humtoka, kwa maana miiko haina faida kwa mwizi.

Sotoka ilirudi tena. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa ikishuka kusini kwa njia ya wanyama wa mwituni, na serikali za kusini ziliogopa sana kwamba itavuka hata Rodesia na kufika Afrika Kusini. Ndipo ukajengwa katika pande hizi ukuta wa miti na miiba, ili wanyama wagonjwa wasipite, na ng'ombe wa ukanda wa mpakani wakadungwa sindano. Madaktari wa mifugo waliandika habari za boma hilo mwaka 1944. Twapenda vijana walijue jambo hili, maana wengi hudhani kuwa kuwazuilia wanyama njia ni jambo la jana. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Boma lilikwisha kuoza zamani, lakini mahali pake, kama tutakavyoona, pamekuja kizuizi kingine kisichooza.

Sasa tufike kwa nzige, maana nzige ndio waliotuletea shahidi bora wa wanyama wa Rukwa. Tangu mwaka 1930 hivi mpaka mwaka 1944 nzige wekundu walifunika karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Ikweta. Msomaji wa Kitabu cha Kutoka aweza kulikisia jambo lenyewe bila kuelezwa. Wataalamu walipotafuta chimbuko lao, waliona kwamba makundi yalizaliwa katika nyanda chache tu, na mbili kubwa katika hizo zilikuwa Mweru wa Ntipa, katika nchi iitwayo leo Zambia, na bonde letu la Rukwa. Uwanda ule ule ulionenepesha nyamera ndio uliolea tunutu. Kwa hiyo mwaka 1949 iliundwa idara ya mataifa mengi ya kupambana na nzige wekundu, makao yake yakawa Abercorn, ambayo sasa huitwa Mbala.

Katika watumishi wa idara hiyo alikuwako Bwana Desmond Vesey-FitzGerald. Kazi yake ilikuwa nzige, lakini macho yake hayakuishia kwa nzige. Alitembea uwandani kiangazi na masika, akatazama mnyama gani anakula majani gani na wakati gani, na mwaka 1960 akaandika jambo ambalo wachungaji wetu wangeweza kumwambia nusu yake, lakini hakuna aliyekuwa ameliweka katika maandishi kwa ukamilifu namna ile.

Jambo lenyewe ni hili. Majani ya uwandani si ya namna moja. Karibu na maji huota majani marefu, magumu, yanayokipita kichwa cha mtu. Nyamera hawezi kuyapenya, wala sheshe, ambaye ni mnyama wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko kuro, apendaye kukaa kandokando ya maji. Wa kwanza kuingia ni wakubwa: tembo, viboko, nyati. Hao kwa uzito wao huyalaza majani na kuyala yaliyo magumu. Majani yakiisha kulazwa huchipua upya, mafupi na laini; ndipo nyamera huja, na sheshe nao, wakala machipukizi. Ni kama karamu zetu, ambapo wazee hutangulia kuketi na vijana hufuata, ila huku wanaofuata ndio wapatao chakula kilicho bora. Mvua zikizidi na maji yakapanda, karamu huvunjika, na wanyama hurudi pembeni, kwenye nchi ya juu kidogo na miombo iliyo chini ya mlima. Maji yakishuka hushuka nayo.

Hapa twaona mambo mawili ambayo bila hayo hakuna sheshe. La kwanza, wakubwa wawepo ili wawafungulie wadogo majani. La pili, pawe na mahali pa kukimbilia maji yajapo.

Maji yalikuja. Mwaka 1961 mvua zilinyesha Afrika ya Mashariki kwa namna ambayo wazee hawajaisahau, na katika miaka michache iliyofuata maziwa yalipanda. Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2. Rukwa nalo likajaa. Uwanda ambao Bwana Vesey-FitzGerald aliutembea kwa miguu ukawa chini ya maji, na maji hayo hayakushuka upesi kama ya miaka ya nyuma. Hapakuwa na safina. Mwaka 1982 mtaalamu W. A. Rodgers alichapisha makala juu ya kupungua kwa wanyama wakubwa wa nyanda za Rukwa, na sababu aliyoiweka mbele ni kuzama kwa malisho. Nyamera waliokuwa sifa ya bonde hili wakawa habari ya kusimuliwa, na sheshe wakabaki vikundi vichache. Siku hizi sheshe wa Tanzania hutajwa hasa katika nchi mbili, bonde la Kilombero na Rukwa, na katika zote mbili ni wa kutafutwa.

Hapa ndipo watu hugombana, nasi tumeyasikia magomvi hayo katika mikutano ya vijiji. Mmoja husema, "Ziwa ndilo lililowaua, sisi hatumo." Mwingine, na huyu mara nyingi ni mtumishi wa maliasili, husema, "Ni ujangili na ng'ombe." Sisi twaona kwamba kila mmoja ameshika nusu. Ziwa lilipanda na kushuka tangu kabla ya baba zetu. Lilipanda kati ya 1929 na 1939, wala hatusomi kwamba wanyama waliisha, maana mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 uwanda ulikuwa umejaa tena. Waliwezaje kurudi? Waliweza kwa kuwa walikuwa na mahali pa kungojea. Mafuriko yaliyofuata mwaka 1961 yaliwakuta wanyama wale wale, lakini katika miaka iliyofuata mahali pa kungojea palikuwa panafungwa, na kadiri miaka ilivyopita pamezidi kufungwa.

Tutazame jinsi palivyofungwa. Mashariki ya bonde, katika nchi ya dhahabu ya Lupa na Saza, migodi ilikuwa imekwisha kula miti kwa ajili ya nguzo na kuni. Mgodi mkubwa wa Saza uliendelea mpaka mwaka 1956, na wachimbaji wadogo wangaliko mpaka leo. Katika miaka ya 1970 vijiji vilikusanywa, na pale kijiji kilipowekwa, pori la jirani likawa shamba. Ikajengwa barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA ya kilometa 1860 ikakabidhiwa mwaka 1976, ikipita hapa Tunduma. Na pale apitapo mtu mwenye gunia la kuuza, mti hauna maisha marefu. Kisha wakashuka wafugaji kutoka kaskazini, Wasukuma hasa, na ng'ombe wao kwa maelfu, kwa kuwa kwao malisho yalikuwa yamekwisha. Wakayakuta majani ya Rukwa, wakashukuru Mungu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Wakulima wa mpunga na ufuta wakafuata mabonde ya mito. Wavuvi wakajenga kambi ufukoni. Mwaka 2012 Mkoa huu wa Songwe ulihesabiwa watu 998,862. Mwaka 2022 ukahesabiwa 1,344,687. Mji wetu wa Tunduma katika miaka hiyo kumi ulitoka watu wapata 97,500 ukapita 219,000. Watu hao wote hula, na wengi wao hupika kwa makaa.

Hatuandiki haya kama watu wasio na hatia. Shamba la mahindi lililotulipia ada za shule lilikuwa miombo wakati babu yetu alipoingia na shoka. Tulipokuwa vijana tumekula nyamapori iliyoletwa usiku, tukasifu utamu wake, wala hatukumwuliza mwenye kuileta ametoa wapi. Hata makaa ambayo chakula chetu kilipikiwa jana yalitoka bondeni; gunia lilikuwa na udongo mwekundu wa huko. Kwa hiyo tunapomsikia mtu wa mjini akiwatukana wafugaji kuwa ndio waharibifu peke yao, twamwomba kwanza atazame jikoni kwake.

Upande wa kaskazini wa ziwa hili hili pana mfano mwingine, na twautaja kwa ufupi tu. Mto Katuma hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuelekea Rukwa. Ndani ya hifadhi hakuna shamba, hakuna ng'ombe wa halali, na askari wako. Lakini juu ya mto, nje ya mpaka, watu walijenga vizuizi vya maji kwa ajili ya mashamba yao, na katika miaka ya karibuni mto umekuwa ukikatika kiangazi. Viboko hujazana katika vidimbwi vya matope, mgongo juu ya mgongo, hata picha zao zimeenea duniani na watu husema ni ajabu ya uumbaji. Sisi twaona ni foleni ya maji.

Na wale wakubwa wa kutangulia karamuni? Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa 109,051 mwaka 2009, na katika hesabu ya mwaka 2014 walikuwa 43,330. Dunia nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki. Lakini katika kelele zote zile hatukusikia mtu akiuliza, tembo akiisha toka uwandani, nani atamlazia nyamera majani? Ng'ombe hula mengi, ni kweli, lakini mchungaji wa ng'ombe hamwachii sheshe machipukizi; mbwa wake hawaruhusu.

Serikali haikulala, tusiseme uongo. Kando ya ziwa pametengwa Pori la Akiba la Uwanda, na jina lake ni la wenyeji wa nchi hiyo. Upande wa mashariki pana Lukwati na Piti. Sheria ya wanyamapori iliandikwa mwaka 1974, ikaandikwa upya mwaka 2009. Shida ya Uwanda ni ile tuliyoianza nayo. Mpaka wa pori huandikwa katika Gazeti la Serikali, na ziwa halisomi gazeti. Maji yalipopanda, sehemu kubwa ya pori hilo ikawa ziwa, na askari akabaki akilinda malisho ya samaki. Nchi kavu ambayo wanyama walihitaji kukimbilia ilikuwa nje ya mstari, mikononi mwa watu wenye haki ya kulima na kuchunga. Tungependa kujua kama ingewezekana kupima mpaka usiofuata ramani ya mwaka mmoja, bali ufuate tabia ya ziwa, ukiacha mlango wazi kutoka majini mpaka miomboni, hata kama mlango huo ni mwembamba. Vijiji vina mipango ya matumizi ya ardhi, na mlango wa namna hiyo ungeweza kuandikwa humo na wanakijiji wenyewe, wakijua wanapata nini badala yake. Neno la mwisho hilo ndilo zito. Mtu mwenye watoto saba hawezi kuambiwa aache ekari tano za mpunga kwa ajili ya mnyama ambaye hajamwona, halafu apewe bango la rangi.

Mambo mengine yaweza kufanyika vizuri, na mfano uko kwa nzige wale wale. Mwaka 2009 walipoanza kukusanyika tena katika nyanda za Tanzania, Rukwa ikiwamo, walinyunyiziwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, iuayo nzige bila kuwadhuru ndege na samaki kama zilivyofanya sumu za zamani. Makundi yalivunjika kabla hayajafika mashambani. Kwa hiyo uwanda ulilindwa bila kutiwa sumu. Ila waliobaki kuufaidi ni wachache.

Mwaka uliopita, wakati wa likizo, tulishuka bondeni na wanafunzi wachache, maana baada ya lile swali la noti hatukuwa na raha. Tulifika ufukoni saa za alasiri. Kulikuwa na mitumbwi, na wanawake wakianika samaki, na korongo wakitembea katika maji machache. Mzee mmoja wa mahali pale, aliyekuwa ameketi akishona wavu, alikubali kuzungumza na watoto. Aliwaonyesha kwa kidole mahali mbali ndani ya maji, akasema pale ndipo baba yake alipomwonyesha nyamera kwa mara ya kwanza, wengi kama kundi la ng'ombe wa tajiri, madume wamesimama juu ya vichuguu wakilinda.

Yule kijana wa noti akauliza, "Babu, maji yakishuka watarudi?"

Mzee hakujibu mara moja. Nyuma yetu, kati ya ufuko na mlima, nchi yote ilikuwa mashamba yaliyovunwa, na katika mabua kundi kubwa la ng'ombe lilikuwa likija kunywa, vumbi likipanda juu yake. Mzee akageuka, akalinyoshea sindano yake ya kushonea wavu, akasema, "Maji yakishuka, hawa watakuwa wameshafika."